Rudolf Diesel: Mhandisi aliyetaka injini ile mabaki ya viwanda

Barabara inayotoka Sonatubes kwenda Kicukiro, Nyanza na hatimaye Bugesera hadi mpaka wa Nemba inapita kando ya Niboye, moja ya sekta za wilaya ya Kicukiro jijini Kigali. Katika barabara hiyo neno dizeli hutamkwa kutwa kucha. Dereva hulitamka akiingia kituo cha mafuta, utingo hulitamka akipima tangi kwa kijiti, na mwenye lori hulitamka kila anapopiga hesabu ya safari. Limeandikwa kwenye pampu, kwenye risiti na kwenye hati za forodha. Ni wachache wanaokumbuka kwamba hilo ni jina la ukoo la mtu aliyezaliwa, akasoma, akatajirika, akafilisika na kufa kabla injini yake haijaanza kuvuta malori barabarani.

Huko huko Niboye kipo chuo cha ufundi kilichojulikana kwa jina la IPRC Kigali, mahali ilipokuwa shule ya ETO Kicukiro, ambayo jina lake halitajwi nchini Rwanda bila kukumbuka msiba wa Aprili 1994. Leo vijana hujifunza hapo ufundi wa magari, na injini ya dizeli ni sehemu ya masomo yao. Wanachofundishwa ni kile kile alichokitafuta Rudolf Diesel zaidi ya miaka 130 iliyopita: jinsi ya kupata kazi nyingi kutoka katika mafuta kidogo.

Kwa Rwanda suala hilo si la darasani tu. Nchi haina bandari ya bahari, na mafuta ya magari huingia kwa barabara kutoka Dar es Salaam, umbali wa kilomita 1,500 hivi, au kutoka Mombasa, umbali wa kilomita 1,700 hivi. Bei ya lita inapopanda, faida ya msafirishaji hupungua kabla lori halijatoka yadi. Ndiyo maana mazungumzo ya kutengeneza mafuta ya magari kutokana na takataka, yaani mafuta yaliyokwisha kukaangia, molasi ya viwanda vya sukari au mabaki mengine, hayaishi katika gereji na ofisi za usafirishaji. Mazungumzo hayo ni ya zamani kuliko lori lenyewe. Diesel aliyaanza mwenyewe, na maisha yake yanaonyesha yalipofanikiwa na yalipokwama.

Mtoto wa fundi wa ngozi

Rudolf Christian Karl Diesel alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 18 Machi 1858. Wazazi wake, Theodor na Elise, walikuwa Wajerumani waliohamia huko kutafuta maisha. Baba alikuwa fundi wa kujalidi vitabu aliyegeukia bidhaa za ngozi, na nyumba yao ilikuwa pia karakana. Mtoto alisaidia kupeleka mizigo kwa wateja kwa mkokoteni. Muda wa mapumziko aliupitisha katika jumba la makumbusho ya ufundi la Paris akitazama mashine za kale na kuzichora.

Mwaka 1870 vita vilizuka kati ya Ufaransa na Prussia. Wajerumani waliokuwa wakiishi Paris walilazimika kuondoka, na familia ya Diesel ikakimbilia London, Uingereza, ikiwa na vitu vichache. Wazazi hawakuwa na uwezo wa kumsomesha vizuri huko. Rudolf, akiwa na umri wa miaka 12, alipelekwa peke yake Augsburg, kusini mwa Ujerumani, kuishi na ndugu wa familia, Christoph Barnickel, aliyekuwa mwalimu wa hisabati katika shule ya ufundi ya mji huo.

Huko ndiko alikoamua kuwa mhandisi. Alimaliza shule akiwa wa kwanza, akapata msaada wa masomo, na mwaka 1875 akaingia chuo cha ufundi cha Munich. Homa ya matumbo ilimzuia kufanya mtihani wa mwisho mwaka 1879, hivyo akaenda Uswisi kufanya kazi katika kiwanda cha mashine cha Sulzer mjini Winterthur akisubiri nafasi nyingine. Januari 1880 alirudi, akafanya mtihani na kufaulu kwa alama za juu sana.

Joto linalopotea

Mwalimu aliyembadilisha Diesel alikuwa Carl von Linde, bingwa wa mashine za kutengeneza barafu. Katika masomo ya Linde alijifunza jambo lililomkaa moyoni: injini za mvuke za wakati ule zilipoteza karibu nguvu yote iliyokuwamo ndani ya makaa ya mawe. Katika kila magunia kumi ya makaa yaliyotiwa motoni, kazi iliyopatikana ilitoka katika gunia moja hivi au chini yake. Magunia mengine tisa yaliishia kuwa joto lililopaa na moshi.

Diesel hakuliona jambo hilo kama kasoro ya ufundi tu. Alijua kwamba injini kubwa ya mvuke iliweza kununuliwa na mwenye mtaji mkubwa pekee. Fundi mdogo kama baba yake hakuwa na uwezo wa kuwa na chumba cha boila, mpishi wa moto na shehena ya makaa. Alitaka injini ndogo, isiyohitaji boila, ambayo seremala au mfumaji angeweza kuiweka karakanani na kuilisha mafuta yoyote ya bei nafuu yaliyopatikana karibu naye.

Baada ya masomo alirudi Paris kusimamia biashara ya Linde ya mashine za barafu. Mwaka 1883 alimwoa Martha Flasche, wakapata watoto watatu: Rudolf, Hedy na Eugen. Mwaka 1890 familia ilihamia Berlin. Mchana alifanya kazi ya mwajiri, usiku alichora injini yake.

Februari 1892 aliwasilisha maombi ya hataza, yaani cheti cha serikali kinachomlinda mvumbuzi asiibiwe kazi yake, na mwaka 1893 akakipata. Wazo lake lilikuwa hili. Hewa peke yake inaingizwa katika silinda, pistoni inaibana kwa nguvu nyingi hadi inapata joto kali, kisha mafuta yanapulizwa ndani na kuwaka yenyewe bila cheche ya plagi. Kila fundi wa malori analijua jambo hilo leo, lakini wakati ule wengi waliona kwamba hakuna chuma kitakachostahimili mbano wa namna hiyo.

Vumbi la makaa

Mafuta yaliyotajwa katika hataza hiyo hayakuwa dizeli ya leo. Diesel aliandika kwamba injini yake ingeweza kutumia mafuta ya maji, gesi au kitu kigumu kilichosagwa, na alilolifikiria sana mwanzoni ni vumbi la makaa ya mawe. Vumbi hilo lilikuwa bidhaa hafifu ya migodi. Wanunuzi walitaka mabonge, na chenga zilibaki zikirundikana. Kama injini ingeweza kula vumbi hilo, mwenye injini angepata nguvu kwa bei ya kitu ambacho wengine walikidharau.

Heinrich von Buz, mkuu wa kiwanda cha mashine cha Augsburg, alikubali kulijaribu wazo hilo, na kampuni ya Krupp ikachangia gharama. Jaribio la kwanza lilifanyika tarehe 10 Agosti 1893, kwa petroli. Mafuta yaliwaka kama ilivyokusudiwa, lakini kwa kishindo kilichopasua kipimo cha shinikizo na kurusha vipande hewani. Injini haikuendelea kuzunguka, ila Diesel alikuwa amepata jibu: mbano peke yake unaweza kuwasha mafuta.

Tarehe hiyo, 10 Agosti, hukumbukwa katika nchi mbalimbali kuwa siku ya dizeli itokanayo na mimea, na mara nyingi husimuliwa kwamba injini ya siku ile iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Habari hiyo si sahihi. Karanga zilikuja miaka saba baadaye, na hazikuletwa na Diesel mwenyewe.

Tarehe 17 Februari 1894 injini ilizunguka yenyewe kwa mara ya kwanza, kwa muda wa dakika moja hivi. Ilichukua miaka mingine mitatu ya kubadili nozeli, pistoni na pampu. Tarehe 17 Februari 1897 Profesa Moritz Schröter wa Munich aliipima rasmi. Injini hiyo ya nguvu za farasi 20 hivi iligeuza asilimia 26.2 ya joto la mafuta kuwa kazi, zaidi ya mara mbili ya injini nzuri za mvuke. Mashine yenyewe bado ipo katika Makumbusho ya Ujerumani mjini Munich.

Vumbi la makaa lilijaribiwa pia, na likashindwa. Makaa yana mchanga na majivu, na vitu hivyo vilisaga kuta za silinda na pete za pistoni kama msasa. Injini iliweza kuwaka kwa vumbi, lakini haikuweza kudumu. Hilo lilikuwa funzo la kwanza la Diesel kuhusu mabaki: bei ya kuyanunua ni ndogo, lakini uchafu uliomo ndani yake hulipiwa baadaye kwa vipuri.

Utajiri na mashaka

Habari za jaribio la 1897 zilienea haraka. Adolphus Busch, mfanyabiashara wa bia wa St. Louis, Marekani, alinunua haki za kutengeneza injini hiyo katika nchi yake kwa marki milioni moja. Mwaka 1898 iliundwa kampuni iliyochukua haki zote za Diesel kwa marki milioni 3.5. Mtoto aliyesukuma mkokoteni Paris akawa milionea akiwa na umri wa miaka 40, akajenga jumba la fahari mjini Munich.

Lakini alikuwa ameuza injini ambayo haijakomaa. Mashine za kwanza zilizopelekwa kwa wateja ziliharibika mara kwa mara. Nozeli ziliziba, vali zilivuja, na mafundi wa wateja hawakujua kuzitengeneza. Baadhi ya wanunuzi walirudisha mashine zao. Kiwanda kilichoanzishwa Augsburg kwa jina lake hakikudumu. Wakati huo huo walijitokeza watu waliodai kwamba wazo halikuwa lake, na kesi za hataza zikamchosha. Mwaka 1898 alilazimika kupumzishwa hospitalini kwa uchovu wa akili.

Fedha alizopata hazikukaa. Aliziingiza katika mashamba ya mafuta ya Galicia, mashariki mwa Ulaya, na katika viwanja vya Munich, kote akapata hasara na kesi. Alikuwa hodari wa kupima joto la silinda, lakini hakuwa na jicho la kupima mkataba. Hadi kufikia mwaka 1908 hataza zake kuu zilikuwa zimekwisha muda, na viwanda vya nchi nyingi vikawa huru kutengeneza injini yake bila kumlipa.

Hata ndoto ya fundi mdogo haikutimia kama alivyotaka. Injini zake za mwanzo zilikuwa nzito na zilihitaji kompresa kubwa ya kupuliza mafuta, kwa hiyo waliozinunua walikuwa wenye viwanda, vituo vya umeme na meli. Mwaka 1903 alichapisha kitabu kuhusu namna wafanyakazi wangeweza kuchanga fedha na kumiliki viwanda kwa pamoja. Kitabu hicho hakikuuzwa.

Karanga za Paris

Mwaka 1900 yalifanyika maonyesho makubwa ya dunia mjini Paris, na injini ya Diesel ikapata tuzo ya juu. Katika banda la kampuni ya Otto ya Ufaransa kulikuwa na injini ndogo ya aina hiyo iliyokuwa ikiendeshwa kwa mafuta ya karanga. Injini hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya mafuta ya petroli ghafi, na haikubadilishwa chochote. Ilizunguka vizuri kiasi kwamba watu wachache tu waligundua kilichokuwa ndani ya tangi.

Wazo halikuwa la Diesel. Miaka 12 baadaye alieleza mwenyewe kwamba ilikuwa ni serikali ya Ufaransa iliyotaka jaribio hilo, ikifikiria makoloni yake ya Afrika ambako karanga zililimwa kwa wingi. Hesabu yao ilikuwa ya usafirishaji: kupeleka makaa au mafuta kutoka Ulaya hadi bara ndani kulikuwa na gharama kubwa, na kama koloni lingeweza kulima mafuta yake lingejitegemea kwa nishati. Ni hesabu ile ile inayopigwa leo na mwenye lori wa Kigali, ingawa Wafaransa waliipiga kwa faida ya utawala wao.

Diesel alirudia majaribio hayo baadaye na kuthibitisha matokeo. Katika hotuba zake za mwaka 1912, London na Marekani, alisema kwamba mafuta ya mimea yalionekana madogo wakati ule, lakini huenda siku moja yangekuwa na uzito sawa na petroli. Alikumbusha pia kwamba nguvu itokanayo na mimea itaendelea kupatikana hata visima na migodi vikikauka, maadamu jua linawaka.

Lami ya makaa

Jambo lililomshughulisha zaidi katika miaka hiyo ya mwisho halikuwa karanga, bali lami ya makaa ya mawe. Ujerumani haikuwa na petroli ya kutosha, lakini ilikuwa na viwanda vingi vilivyochoma makaa katika tanuri zilizofungwa ili kupata gesi ya taa za mijini na makaa makavu ya kuyeyushia chuma. Kazi hiyo iliacha lami nyeusi, nzito na yenye harufu mbaya. Sehemu yake ilitumiwa na viwanda vya rangi na dawa, lakini kiasi kikubwa kilibaki bila soko la maana.

Diesel na viwanda vilivyotengeneza injini zake vilifanikiwa kutumia mafuta yaliyokamuliwa kutoka lami hiyo. Hayakuwaka kwa urahisi, hivyo tone dogo la mafuta ya kawaida lilipulizwa kwanza ili kuanzisha moto, kisha mafuta ya lami yakafuata. Diesel alisafiri akihimiza njia hiyo. Alisema kuwa nchi yenye makaa isingehitaji kuwapigia magoti wauzaji wa petroli. Hapa mabaki ya viwanda yalikuwa mafuta ya injini kwa kweli, si kwa maneno.

Ila jambo jingine lilijitokeza, ambalo kila mfanyabiashara atalielewa. Mara tu lami ilipopata mnunuzi, haikuwa takataka tena. Ilipata bei, na bei hiyo ilifuata mahitaji. Mwenye injini aliyezoea kununua kitu cha kutupwa alijikuta akishindana na mwenye kiwanda cha rangi.

Usiku wa meli Dresden

Mwaka 1912 meli ya Denmark iitwayo Selandia ilifunga safari ndefu hadi Bangkok kwa injini za dizeli, na dunia ikaona kwamba meli za mizigo zinaweza kusafiri bila boila. Jina la Diesel lilikuwa juu. Nyumbani kwake, hata hivyo, fedha zilikuwa zimekwisha. Madeni yalizidi mali, na hata watu wa karibu hawakujua ukubwa wa tatizo.

Jioni ya tarehe 29 Septemba 1913 alipanda meli Dresden huko Antwerp, Ubelgiji, kwenda Harwich, Uingereza. Alikuwa anaelekea kwenye shughuli za kiwanda kipya cha injini za dizeli mjini Ipswich, akifuatana na Georges Carels, mwenye kiwanda wa Ubelgiji, na mhandisi Alfred Luckmann. Walikula chakula cha jioni, wakatembea juu ya meli, na saa nne hivi za usiku wakaagana. Diesel aliomba aamshwe asubuhi saa kumi na mbili na robo.

Asubuhi hakuwamo chumbani. Kitanda hakikulaliwa. Kofia na koti lake vilikutwa vimewekwa vizuri karibu na reli ya nyuma ya meli. Siku kadhaa baadaye mashua ya Uholanzi iliona mwili baharini. Mabaharia walichukua vitu vidogo vilivyokuwa mifukoni, wakaurudisha mwili majini kutokana na hali yake na bahari iliyochafuka, na mwanawe Eugen akavitambua vitu hivyo kuwa vya baba yake. Alikuwa na umri wa miaka 55.

Inasimuliwa kuwa kabla ya safari alimwachia mkewe mkoba uliokutwa na marki 20,000 taslimu pamoja na hati za benki zilizoonyesha akaunti tupu. Katika shajara yake siku ya 29 Septemba ilikuwa na alama ya msalaba. Watafiti wengi wanaamini alijitosa mwenyewe. Wengine wamedai kwamba aliuawa na maadui wa kibiashara au wa kijeshi, kwani injini yake ilikuwa tayari ikitumika katika nyambizi na vita kuu vilikuwa vinakaribia. Madai hayo hayajathibitishwa.

Malori aliyokosa kuyaona

Injini iliingia barabarani bila yeye. Mwaka 1924 viwanda vya MAN na Benz vilikuwa vimeonyesha malori ya dizeli, na kuanzia mwaka 1927 kampuni ya Bosch ilitoa pampu ndogo ya kupuliza mafuta bila ile kompresa nzito. Mwaka 1936 Mercedes-Benz ilianza kuuza gari dogo la dizeli, 260 D. Kufikia wakati huo petroli ilikuwa imepatikana kwa wingi na kwa bei ndogo, na injini zikaanza kutengenezwa kwa ajili ya mafuta ya aina moja tu, safi na mepesi. Injini iliyobuniwa kula chochote ikafundishwa kuchagua chakula.

Habari ya mafuta ya mimea ilirudi kwa njia inayogusa ukanda huu moja kwa moja. Ubelgiji wakati huo ilitawala Kongo na Ruanda-Urundi, na Kongo ilikuwa na mawese mengi. Mafuta ya mawese yakitiwa kama yalivyo ni mazito, huganda na huacha masizi kwenye nozeli. Mwaka 1937 G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipata hataza ya njia ya kuyabadili: yanachanganywa na alkoholi pamoja na kichochezi, kisha gliserini, ambayo ndiyo sehemu nzito, inatengwa. Kinachobaki ni chepesi na hukaribia dizeli ya kawaida. Mwaka 1938 basi la abiria liliendeshwa kwa mafuta hayo kati ya Brussels na Leuven. Njia hiyo, ikiwa na mabadiliko machache, ndiyo inayotumika hadi leo kutengeneza dizeli kutokana na mafuta ya mimea au mafuta yaliyokwisha kukaangia.

Afrika Mashariki nayo imejaribu. Kenya, kati ya mwaka 1983 na 1993, ilichanganya petroli na asilimia 10 ya alkoholi iliyotengenezwa Muhoroni kutokana na molasi, mabaki ya viwanda vya sukari. Gari liliendeshwa bila shida. Mpango ulikwama kwenye bei, kwa kuwa alkoholi ilipata malipo mazuri zaidi mahali pengine kuliko kwenye tangi la gari. Nchini Rwanda, mwishoni mwa miaka ya 2000, taasisi ya utafiti ya IRST ilitengeneza dizeli ya mimea na kuweka barabarani basi lililoitumia kati ya Kigali na Huye. IRST yenyewe iliunganishwa baadaye katika taasisi mpya ya NIRDA. Basi lilithibitisha kuwa mitambo inaweza. Kupata mali ghafi ya kutosha kwa bei inayolipa ni swali jingine.

Hesabu inayobaki

Mtu akisimama Niboye leo na kutaka kufuata njia ya Diesel, hatua zake zinajulikana. Mafuta ya kukaangia yaliyotumika yapo katika mikahawa, hoteli na vibanda vya chipsi vya Kigali. Lazima yakusanywe, kidogo kidogo, kabla hayajamwagwa mtaroni au kuuzwa tena kwa mkaangaji mwingine. Lazima yachujwe ili kuondoa makombo, yakaushwe ili kuondoa maji, yachanganywe na alkoholi na kostiki soda kwa vipimo, kisha yaoshwe na kupimwa. Aliyeruka hatua hizo na kumimina mafuta ya jikoni moja kwa moja kwenye tangi la lori la kisasa atalipa kwa filta, pampu na nozeli, na gharama ya nozeli za leo inaweza kumeza akiba ya miezi mingi.

Kuna pia mshindani. Mtengeneza sabuni naye huyataka mafuta hayo. Kadiri wanunuzi wanavyoongezeka, ndivyo bei ya debe inavyopanda, kama lami ya Ujerumani ilivyopanda. Anayeanzisha biashara hiyo akidhani mali ghafi itabaki ya bure anajenga juu ya mchanga. Anayefunga mkataba wa muda mrefu na mikahawa, akajua gharama ya kila lita tangu jikoni hadi tangini, na kuilinganisha na bei ya kituo cha mafuta, huyo anaweza kujua mapema kama atapata faida au hasara.

Diesel alitumia maisha yake kuhesabu joto linalopotea ndani ya injini, na hesabu hiyo aliipatia kuliko mtu yeyote wa zama zake. Hesabu ya pili, ya mikataba, madeni na bei ya mali ghafi, ndiyo iliyomshinda. Lori linalopanda mlima kutoka Bugesera kuja Kicukiro linaendeshwa na ile ya kwanza. Kama siku moja litaendeshwa kwa mafuta yaliyotoka katika sufuria za Kigali badala ya meli zinazotia nanga Dar es Salaam, itategemea nani ataipatia ile ya pili.